Jirani Aliyekataa Kuwa Peke Yake

Mwezi uliopita nilikaa kanisani nikamsikiliza kijana mmoja mwenye tai akitueleza jinsi jirani yangu alivyokuwa mpole. Walikuwa wanafungua ukumbi mpya wa akina mama, na kamati ilikuwa imeamua kuupa jina lake. Kijana alisema marehemu alikuwa mama wa amani, mama wa unyenyekevu, mama aliyetembea na Mungu wake kimya kimya bila kumsumbua mtu. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikaa na fimbo yangu katikati ya magoti, nikajiuliza kama nilikuwa nimekosea mlango.

Kimya kimya, yule mama? Kama angekuwa kimya angekufa kitandani mwake, katika nyumba yake, kati ya watu wa kanisa lake. Alifukuzwa kwa sababu ya sauti. Na baba wa kijana huyu mwenye tai alikuwa mmoja wa wazee waliokubali afukuzwe. Hayo hayakusemwa siku ya ukumbi, na chai iliyoandaliwa baada ya ibada sikuinywa.

Basi nitamweleza mimi. Alizaliwa wapi na ni wa nyumba gani, hayo yameandikwa kwenye jiwe la ukutani, na nusu yake wamekosea. Nitamwita Jirani, maana ndivyo alivyokuwa kwangu.

Nilimjua kwa ukuta. Wakati wa Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita Imajensi, serikali ya Wazungu ilibomoa nyumba zetu zilizokuwa zimetawanyika vilimani ikatusukuma katika kijiji kimoja huko Embu, juu ya Manyatta, karibu na msitu. Nyumba zilibanana. Kuzunguka kijiji kulikuwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na handaki hilo tulilichimba sisi wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa. Wangu alichukuliwa Nairobi nikiwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Nikapewa nyumba iliyoshikana na ya Jirani, ukuta mmoja wa udongo mwembamba kati yetu, nami usiku wa kwanza nilifurahi nikidhani nimepata jirani mwenye mume, maana nilisikia anaongea na mtu.

Kulipokucha nikamwona anatoka peke yake na jembe begani. Nikamsalimu, nikamwambia na mzee aamke salama. Akanitazama.

"Mzee gani? Mimi ni mjane, mwanangu. Nilikuwa naongea na Mungu."

Alisema hivyo kama mtu anayesema alikuwa anaongea na dada yake.

Watu wengi wa siku zile walisali, na hofu ilitufanya tusali zaidi. Lakini sisi tulisali kwa maneno ya kitabu, macho tumefumba, tukimaliza tunainuka. Jirani hakufumba macho. Alisali akiwasha moto, akichambua maharagwe, akitafuta chawa katika blanketi. Na hakuwa anaomba tu. Alisimulia. Alimweleza Mungu habari za kijiji kana kwamba Mungu huyo alikuwa amesafiri na ndiyo kwanza amerudi. Halafu alinyamaza, kwa muda ule ambao mtu hunyamaza mwenzake anapojibu, kisha akacheka au akabisha. Alibisha sana. Nilimsikia mara moja akisema, "Hapana, hapo hapana, hapo Wewe umekosea," nami nikavuta blanketi kichwani nikisubiri radi.

Waliwahi kumwibia kuku. Alikuwa na mmoja tu, na kuku mmoja kijijini kwetu alikuwa mali. Nikamsikia asubuhi.

"Wewe umemwona aliyemchukua. Usiniambie ni nani, nitamchukia. Mwambie tu amrudishe kabla hajamchinja."

Jioni yake manyoya yalionekana nyuma ya choo cha kambi ya walinzi wa kijiji. Upande wa pili wa ukuta pakawa kimya, na kesho yake pia kimya. Nikadhani anaumwa, nikaenda kumwona. Nilimkuta anashona gunia, mdomo ameukaza.

"Mama, mbona leo husali?"

"Hatuongei," alisema. "Alikuwa na uwezo na hakufanya. Wacha akae huko kidogo."

Sasa mtu kama huyo ndiye wanayemwita mnyenyekevu. Tena wacha niseme na mengine, ili ule ukumbi ujue umebeba jina la nani. Alikuwa bahili wa chumvi. Ukimwomba chumvi alikupa ile iliyobaki kwenye vidole. Alisema ovyo juu ya waimbaji wa kwaya, kwamba wanapiga kelele ili wasisikie wanachoambiwa. Na sokoni alidanganya. Nilisimama karibu naye soko la Embu mjini nikamsikia akiapa kwamba maharagwe yake ni ya msimu huu, na mimi najua tuliyatoa darini pamoja, ya mwaka uliotangulia. Jioni yake ukutani nikamsikia akijieleza: "Sawa, Ulinisikia. Lakini hata yule mwanamke alitaka kunipunja, na hilo pia Ulilisikia."

Tena alivuta ugoro. Kwetu wakati ule ndugu waliookoka walikuwa wakali kuhusu ugoro. Mtu akiokoka alitupa kikopo mbele ya watu. Wakamjia watatu, wamevaa nguo zao nyeupe, wakamwuliza anawezaje kusema anaishi na Bwana huku pua yake ni nyeusi. Akawapa viti. Akasema amemwuliza Mwenyewe mara nyingi juu ya jambo hilo, na Mwenyewe amenyamaza.

"Siku akisema niache, nitaacha. Nyinyi kama amewaambia, mbona hakuniambia mimi, na mimi ndiye niliye naye kila siku?"

Wakaondoka wamekasirika. Miezi kadhaa baadaye aliacha, ghafla, siku ya kawaida tu ya kupanda. Nilipomwuliza kama ameambiwa, alisema hapana, kikopo kimepotea tu. Sijui kama hilo nalo lilikuwa la sokoni.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulichezea. Kabla hatujahamishiwa kijijini, watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na Wazungu, walimfuata ale kiapo chao. Alikataa. Aliwaambia ana mtu tayari na hawezi kuapa mara mbili. Walimpiga mpaka sikio lake la kushoto likawa halisikii vizuri tena. Halafu kijijini kamatimu wakamtaka. Kamatimu ni walinzi wa serikali, watoto wetu wenyewe waliopewa mikuki na baadaye bunduki ili watulinde, yaani watuchunge. Waliwataka wanawake wasimame uwanjani wawalaani watu wa msituni kwa majina, mmoja mmoja, mwana wa fulani na fulani. Alikataa na hilo. Alisema baadhi yao aliwakata kitovu, na hata waliompiga sikio hajamwambia Mungu awalaani, amemwambia awapige sikio tu. Kamatimu wakamwandika kuwa mbaya. Upande wa huku alikuwa msaliti na upande wa kule alikuwa msaliti. Kanisa letu, ambalo kila Jumapili liliimba juu ya njia nyembamba, halikujua limweke wapi mtu aliyekuwa anapita katika njia hiyo.

Sasa nieleze habari za uji, maana ndio uliomponza.

Mwanamke wa kwetu hapimi chakula kwa idadi ya watu walioko nyumbani. Hupika na cha mgeni. Mama mkwe wangu aliponiingiza jikoni mara ya kwanza alichungulia chungu akaniuliza, "Na huyu anayekuja atakula nini?" Hakuna aliyekuwa anakuja. Lakini mpita njia akibisha hodi, ni aibu umwambie angoje upike, na ni aibu kubwa zaidi umpunguzie mtoto ili umpe yeye. Hiyo ndiyo heshima ya jiko, na aliyeikosa alisemwa mpaka kaburini.

Imajensi ilipoingia, cha mgeni kikawa ushahidi. Chakula kilichozidi maana yake unalisha watu wa msituni. Kamatimu waliingia jikoni jioni wakafunua vyungu, wakahesabu vichwa, na ole wako kama kumebaki. Basi tukajifunza kupika kidogo, mpaka mtoto anaramba ukoko. Tukaacha adabu ambayo mama zetu hawakuiacha hata wakati wa njaa. Jambo hilo mpaka leo linanichoma kuliko handaki, kwamba walitufanya tuwe watu wa kuficha sufuria.

Jirani hakujifunza. Alimimina uji katika vibuyu viwili vya kunywea, chake na cha mgeni. Na kwa kuwa mgeni wa mwili na damu amekatazwa na serikali, kile cha pili alimkaribisha Mungu. Baada ya mazungumzo yao alikunywa vyote viwili. Nilipomwuliza alinishangaa.

"Yeye hanywi. Lakini mimi nitakunywaje mbele ya mtu bila kumkaribisha? Nililelewa wapi?"

Siku yenyewe ilikuwa jioni, saa ya kila mtu kuwa ndani. Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Nikamsikia anasema kama kawaida yake: "Karibu, kaa. Uji umepoa lakini ndio uliopo. Leo umetembea mbali, naona." Halafu mlango wake ukavunjwa.

Kamatimu walikuwa wamepita nje wakasikia. Walipoingia wakakuta mwanamke mmoja, vigoda viwili na vibuyu viwili, vyote vimejaa. Walipekua nyumba ambayo hata panya asingejificha. Walichoma mkuki kwenye nyasi za paa. Walikuja kwangu wakapekua na kwangu, wakamwaga unga. Hawakupata mtu. Na kwa kuwa hawakumpata, walisema ametoroka.

Asubuhi tulikusanywa wote uwanjani. Alikuja ofisa wa Kizungu, kijana, uso umeungua na jua, mtu ambaye Jumapili alikaa mstari wa mbele kanisani Embu mjini na kitabu chake cha sala chenye ngozi. Alikuwa na Kiswahili chao kile cha kuamuru. Mzee wa kijiji alisimama kando yake ameshika kofia.

"Wewe mama. Jana nani kuja kwa nyumba yako?"

"Yesu," alisema Jirani.

Kamatimu wakacheka. Ofisa hakucheka. Alimtazama muda, nami nilikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba alielewa. Hilo ndilo ninalowaambia watu na hawataki kulisikia: alielewa kabisa. Hakuwa mjinga, na alikuwa amefundishwa maneno hayohayo na mama yake.

"Sawa," akasema. "Basi hakuna mtu. Wewe sema tu, mimi nilikuwa peke yangu. Sema hivyo, karani andika, wewe rudi nyumbani."

"Siwezi sema hivyo."

"Kwa nini?"

"Sikuwa peke yangu."

Mzee wa kijiji akaingilia kwa Kiembu, akamwambia asimfanye bwana mkubwa mtoto. Jirani akamjibu kwa Kiswahili, ili na ofisa asikie. "Mimi sifanyi mtu mtoto. Ameniuliza nilikuwa na nani, nimesema. Yeye akitaka kuandika, aandike hiyo."

Ofisa akawa mwekundu zaidi. Akasema kama alikuwa na mtu, mtu huyo lazima aonekane, na mpaka aonekane au mama aseme alikuwa peke yake, hakuna atakayetoka kijijini kwenda shambani. Akapanda gari akaondoka. Jirani wakamwacha palepale kati yetu, kwa makusudi. Walijua sisi tutafanya kazi yao.

Na tuliifanya. Chakula chetu kilikuwa mashambani, nje ya handaki. Tulikuwa tunaruhusiwa saa chache za kwenda kuchimba nduma na kukata ndizi, tukirudi tunahesabiwa. Lango likifungwa, kijiji kinakula kilichoko ndani, na ndani hakukuwa na kitu, maana vyungu vyetu vilikuwa vya kupimwa. Siku hiyo ikapita. Iliyofuata watoto walianza kulia kwa ile sauti ya chini ambayo si ya ukaidi. Wanawake wakajaa mlangoni kwake.

"Mama, si useme tu."

"Hata Mungu anajua hukumaanisha."

"Utaua watoto wetu kwa sababu ya kiburi chako?"

Mimi sikwenda mlangoni. Mimi nilikuwa na ukuta. Mtoto wangu alikuwa anavuta ziwa lisilotoa kitu, nikasogea karibu na udongo nikamwambia, "Mama, mimi ni mama Njeru. Ni maneno matatu tu."

Sauti yake ikaja karibu sana, kumbe naye alikuwa amekaa upande ule ameegemea.

"Najua ni matatu. Kama ni madogo hivyo, mbona wanayataka sana?"

Nilimkasirikia. Nasema wazi, wala siombi radhi, nina haki ya hasira yangu. Nilikuwa na mtoto mwenye njaa mkononi, na mwanamke aliyenizuia kumlisha alikuwa yule niliyempenda kuliko wote pale. Wanaompamba leo hawakuwa na njaa siku ile. Utakatifu wa jirani yako si kitu cha kuimbia unapoishi nao ukuta kwa ukuta.

Mchana wa siku hiyo ya pili Mchungaji alikuja. Alikuwa mtu wetu, msomi, mwenye baiskeli, na serikali ilimpa pasi ya kupita popote. Aliingia kwake na wazee wawili wa kanisa, na mimi nilisikia kila neno.

"Mama, tumekuja kukusaidia. Mungu ni Roho. Kwa macho ya kibinadamu ulikuwa peke yako. Ofisa anauliza ya kibinadamu. Ukisema ulikuwa peke yako, hujatenda dhambi."

"Mchungaji, Jumapili ulisema tuko hapa, na Bwana yuko katikati yetu. Ulisema kweli au ulisema uongo?"

"Yale ni mahubiri, Mama."

"Ahaa," alisema Jirani.

Sijawahi kusikia ahaa kama ile. Hata mtoto wangu aliacha kulia.

Mmoja wa wazee, huyo baba wa kijana mwenye tai, akachukua njia nyingine. "Lakini wewe mwenyewe si mtu wa kweli hivyo. Tunakujua. Sokoni unaapa maharagwe ya zamani ni mapya. Leo umepata wapi ugumu huu?"

"Sokoni nilidanganya juu ya maharagwe," alisema. "Maharagwe hayasikii. Huyu yuko hapa, mzee, ananisikia. Unataka nimwangalie usoni niseme hayupo?"

"Na watoto?"

Nilimsikia anainuka kwenye kigoda.

"Hao ndio wananiuma. Hao tumeongea juu yao usiku kucha."

Kabla ya jioni alitoka akaenda langoni mwenyewe, mikono mitupu, shuka lake amejifunga. Alimwambia askari amwite bwana mkubwa, na alipokuja akamwambia mbele yetu, "Hawa hawakuwa na mimi. Hawa wako na njaa. Fungulia wao waende shamba, na mimi nichukue. Lakini karani aandike vizuri: huyu mama hakuwa peke yake."

Wakamtia kwenye lori. Lango likafunguliwa kabla vumbi halijatulia, nasi tukakimbia na vikapu vyetu bila kutazama nyuma. Nilichimba nduma kwa mikono siku hiyo.

Walimweka Embu mjini kwanza, kituoni, kabla ya kumpeleka kambi ya wanawake kule chini kwenye joto, mbele ya Gachoka. Na wakati yuko kituoni, unajua nani alimpelekea chakula? Si Mchungaji mwenye baiskeli na pasi. Ni muuza nyama mmoja Mwislamu, ambaye babu yake hakuna aliyejua alitoka wapi, na ambaye watu wa kanisa walimdharau kama mtu asiye na kabila. Alikuwa akimuuzia Jirani mifupa ya supu. Alisimama mlangoni pa kituo na mkate na mchuzi kwenye kopo, askari wakamwuliza huyo mama ni nani wako.

"Ni mteja wangu," alisema. "Na ni mtu wa dua. Mtu wa dua akilala njaa mtaani kwako, wewe ndiwe utakayeulizwa."

Hayo aliniambia mwenyewe nilipokwenda kununua utumbo, miezi mingi baadaye. Hakuyasema kwa kujisifu. Alikuwa anashangaa tu kwamba alikuwa wa kwanza.

Kanisa lilikutana. Lilikutana kweli, likaomba, likafungua Maandiko, likamtenga na meza ya Bwana. Sababu iliyosomwa ilikuwa kwamba ameleta fitina kati ya waamini na serikali, na kwamba anadai kumwona Mungu kwa njia isiyo ya utaratibu. Yeye alikuwa kambini anabeba mawe. Nyumba yake ilipewa kamatimu mmoja na mke wake, na upande wa pili wa ukuta nikaanza kusikia redio.

Alipoachiliwa hakurudi kwetu, na nani angerudi? Alikwenda Meru, Githongo, kwa mtoto wa dada yake aliyekuwa na kahawa. Uhuru ukaja, handaki likafukiwa, likapandwa majani ya ng'ombe. Mume wangu alirudi akiwa nusu ya aliyekwenda. Hakuna aliyemwondolea Jirani kule kutengwa kwake. Walisahau tu, na baada ya kusahau vya kutosha wakaanza kumpenda. Kutengwa huko hakukusomwa siku ya ukumbi, na kama kuliondolewa, basi kuliondolewa na mchwa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Binti yangu aliolewa Githongo, nami nilipokwenda kumwona mjukuu nikauliza, nikaonyeshwa boma chini ya barabara ya kiwanda. Nilimkuta amekaa uani juu ya gunia, anachambua kahawa, nyekundu huku, mbichi huku, anawagombeza watoto waliokanyaga ukingoni. Alikuwa amezeeka na meno yamepungua, lakini mdomo ulikuwa uleule. Alinitazama akaniambia nimenenepa. Nikalia, naye akangoja nimalize bila kuacha kuchambua.

Tuliongea ya watoto, ya magoti, ya bei ya kahawa. Halafu nikauliza swali nililokuwa nimelibeba miaka yote, na niliuliza kwa sababu nilitaka jibu zuri. Nilitaka kuambiwa kwamba ilikuwa na faida.

"Mama, kule kambini. Mlikuwa mkiongea naye?"

"Hapana."

"Walikukataza?"

"Nani angenikataza? Mimi niliongea. Yeye hakuongea." Alitoa jani katika rundo akalitupa. "Siku za kwanza tukipewa uji nilimkaribisha, nikakaa mpaka ukapoa. Hakukuwa na mtu. Nikaacha. Ile sehemu nikampa mwanamke aliyelala karibu yangu, alikuwa na mimba."

"Siku ngapi, Mama?"

"Si siku. Muda wote. Tangu lori mpaka lori. Nilikuwa peke yangu."

Aliyasema yale maneno matatu hapo, juani, bila karani wala ofisa, huku watoto wakirushiana kahawa mbichi. Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima: kwamba alitudanganya, kwamba mtoto wangu alilala njaa kwa ajili ya mtu ambaye hakuonekana Jirani mwenyewe aliposhikwa, kwamba kama ni hivyo angesema tu siku ile akabaki na nyumba yake na kanisa lake na kuku mwingine.

Aliniacha nimalize.

"Kaa chini, mama Njeru. Wao hawakuniuliza ya kambini. Waliniuliza ya jioni ile. Jioni ile alikuwako."

"Na hukumkasirikia?"

"Sikumkasirikia?" Aliacha kuchambua, mara ya kwanza tangu niingie. "Nilikuja hapa Githongo nikakaa msimu mzima bila kumwambia hata habari ya asubuhi. Nilivuta ugoro mbele yake. Halafu siku moja niko pale chini mtoni, nikasikia amekuja, kama zamani, amekaa. Nikamgeukia. Nikamwambia, mimi waliniuliza kama Wewe uko, nikasema uko, nikapoteza kila kitu. Wewe ulipoulizwa kama mimi niko, ulisema nini?"

"Akasema nini, Mama?"

Alichukua punje moja nyekundu akaigeuzageuza.

"Alilia," alisema. "Na mimi sikumnyamazisha."